Ugali wa Kwapani

Mjomba wangu Hamdani alimwamuru mfanyakazi wake akae na tonge la ugali kwapani, kuanzia adhuhuri mpaka alasiri.

Ugali wenyewe ulikuwa wa mbwa.

Chekeni tu. Mimi nilicheka kabla yenu.

Ilikuwa mwaka 2000, Kasingirima, Ujiji. Nilikuwa nimemaliza chuo, cheti kipya kimo kwenye bahasha ya kaki, nasubiri ajira. Niliamini kabisa kwamba dunia inakosa watu wawili watatu tu wa kuielekeza. Mmoja wao mimi.

Mjomba alikuwa na shamba la mihogo juu ya bonde la Luiche. Mihogo hiyo ndiyo iliyotulisha nyumba nzima. Mwaka uliotangulia nguruwe pori waliifukua yote, wakatuachia mashina.

Kwa hiyo akanunua mbwa wa kuwinda kwa Bonifasi, mwindaji wa Mwamgongo. Mbwa akaja kwa boti, kengele ya mti shingoni, jina lake Watasema.

Wiki ya kwanza aliwatimua nguruwe mpaka nikawaonea huruma.

Wiki ya pili akatoweka. Tukamkuta mwaloni Kibirizi, amekaa anazitazama boti za kwenda kwao.

Tukamrudisha. Akaondoka tena.

Akafungwa mnyororo. Akachomoa shingo kama mtu anayevua kofia.

Jirani akashauri tumnyoe nywele za mkia, tuzifukie kizingitini, hatavuka. Tukazifukia. Mbwa akaruka kizingiti akaenda zake. Nywele zikabaki nyumbani, zimetulia kweli.

Ndipo Bonifasi alipopita mjini akatoa siri ya wawindaji. Mwenye mbwa anaweka tonge kwapani mpaka linywe jasho, kisha anamlisha mbwa kwa mkono wake. Siku saba. Mbwa akishakula jasho la mtu, hamwachi.

Hapo sasa.

Mjomba ni mtu wa msikitini. Mbwa wa kazi anaruhusiwa, hilo alilisoma vizuri. Lakini pua ya mbwa ikigusa kanzu yake, anaosha mara saba, moja kwa udongo. Amlishe kwa mkono?

Akatazama huku na huku. Macho yakatua kwa Veneranda.

Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Burundi, aliyevuka ziwa wakati wa vita. Alitoka kambini bila kibali, akawa analima kwa mjomba na kulipwa mihogo. Miaka ile mkimbizi akishikwa nje bila kibali, anarudishwa kambini kwa lori. Kwa hiyo aliongea kwa sauti ya chini siku zote, hata akitania.

"Muzehe," akasema, "jasho langu ni la Burundi. Mbwa akianza kusikia Kirundi, usinilaumu."

"Jasho ni jasho," mjomba akajibu. "Si unafanya kazi kwangu?"

Siku ya nane Watasema hakwenda mwaloni. Alimfuata Veneranda.

Mama akienda mtoni, kengele inalia nyuma yake. Akilala kwenye kibanda chake shambani, mbwa yuko mlangoni. Nguruwe wakahama. Mihogo ikanenepa.

Ungedhani mjomba angefurahi.

Wapi. Akimwita mbwa, mbwa anamtazama Veneranda kwanza, kama anaomba ruhusa. Wazee wa barazani wakawa wanamuuliza kama mbwa wa yule mama hajambo. Hiyo ikamchoma.

Siku moja akaniita taratibu.

"Msomi, mwandikie Veneranda barua kwa mtendaji. Atambulike, aishi kwa amani."

Machozi yakanilenga. Kumbe mjomba ana moyo!

Nikaandika kurasa mbili. Jina lake kamili, uaminifu wake, utu, ujirani mwema. Mahali anapolala pia. Nikachora na ramani ndogo, wasipate taabu wakija kumtembelea.

Mjomba akaipeleka mwenyewe, amevaa kanzu ya Ijumaa.

Siku ya tatu lori likaja moja kwa moja shambani. Hawakumuuliza mtu njia. Mgambo alikuwa ameishika ramani yangu.

Nikamkimbilia, nikamweleza kwamba ile ilikuwa barua ya kuomba kibali. Akaikunja akaitia mfukoni.

"Kaka, unaandika vizuri," akasema.

Veneranda alipanda na kifurushi chake kimoja. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kirundi, "siku nyingine uniulize kwanza."

Lori likaanza kupanda kilima kwa taabu. Nyuma yake ikasikika kengele. Watasema alikimbia na vumbi mpaka akalifikia, mikono ya wakimbizi wengine waliomo ikamdaka, akavutwa ndani.

Mjomba akashika kichwa.

"Nilijua huyu mama akiondoka, mbwa atatulia nyumbani."

Nikamwangalia. Hakuona haya hata kidogo.

"Kwa hiyo ulijua ofisi itafanya nini na barua yangu?"

"Wewe umesoma," akasema, "lakini ofisi huijui."

Nguruwe walirudi wiki hiyo hiyo. Ramadhani ilipofika, tulifuturu kwa mihogo ya kununua soko la Mwanga, sisi wenye shamba.

Na mjomba hakukoma. Akaniletea karatasi nyingine, nidai mbwa wake kambini.

Nikashika kalamu.

"Mjomba, wakitaka ushahidi, niandike alikula jasho la nani?"

Akainuka akaenda kutawadha. Haikuwa saa ya swala.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kitu kikae kwako, kitolee jasho mwenyewe. Ukimtumia mwenzako kisha ukamfukuza, usishangae kikiondoka naye. Na wewe msomi mwenzangu mwenye moyo mzuri, kabla hujamwombea mtu, muulize kama anataka kuombewa.

Nilimwandikia Veneranda kuomba radhi. Safari hii sikuchora ramani.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mstari mmoja tu:

"Nimekusamehe. Watasema hajambo, ila Kiswahili amekisahau."