Fimbo ya Shaba Niliyotakiwa Kuimwagilia

Juzi nilimwaga maji ya vyombo nje ya mlango wa jiko langu hapa Bonga. Harufu ikainuka, ya sabuni na ya vumbi lililopata maji baada ya jua la wiki nzima, ikanisimamisha pale pale na beseni mkononi. Mara nikawa mtoto wa miaka tisa, niko kwenye kiwanja cha mama kule upande wa ziwani.

Kiwanja hicho kilikuwa cha kulaza wasafiri. Wengi walikuja na mahema, lakini mara moja moja alitokea mtu anayevuta kwa gari lake trela zima lenye vitanda, jiko na friji ndani. Kwa ajili ya watu hao mama alikuwa ameweka nguzo fupi yenye soketi, na chini yake kulikuwa na fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini mpaka ikabaki kichwa tu. Mafundi huiita ethi. Mama alijifunza mambo ya umeme kwa kaka yake aliyekuwa fundi, naye alinieleza hivi: waya ukichubuka ndani ya trela, umeme unaingia kwenye mabati na kumsubiri mtu aguse, na kazi ya ethi ni kuupa njia ya kwenda ardhini. Ila ardhi yetu ikikauka kiangazi inakuwa kama tofali, njia hiyo inaziba. Ndiyo maana fimbo ilitakiwa kumwagiliwa kila asubuhi kwa maji ya vyombo, na mmwagiliaji nilikuwa mimi.

Majirani walitucheka sana. "Mama Paskalina, hicho chuma kitaota lini?" Mama aliwajibu kwamba kikiota atawaletea mboga. Wala hakuna mgeni aliyechomeka trela lake kabla mama hajapima soketi kwa globu yake yenye waya mbili, hata awe na haraka ya namna gani. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alizoea kusema, "lakini na mgeni naye aondoke mzima."

Kiangazi kile mchezo wa rede ulikuwa umeniteka akili. Siku tatu mfululizo nilimwaga maji mlangoni tu na kukimbilia uwanjani. Kutoka jikoni hadi kwenye nguzo zilikuwa hatua kama sitini, ambazo kwa mtoto anayesubiriwa na wenzake ni safari ya Dodoma.

Siku ya tatu mchana likaingia trela jeupe. Ilikuwa familia ya Nairobi inayoelekea kusini: baba, mama na binti yao mdogo wa kama miaka minne. Yule baba alikuwa amechoka, na nyama yao ilikuwa inaharibika kwenye friji.

"Mama, stima iko ama haiko?" aliuliza, maana kwao umeme huitwa stima.

"Upo, baba. Ngoja kwanza nipime."

Mama alichomeka waya mbili za globu kwenye soketi, ikawaka vizuri. Alipohamishia waya mmoja kwenye tundu la ethi, ikafifia kama kaa linalozimika. Akanigeukia.

"Paskalina, umemwagilia?"

"Ndiyo, mama."

"Na jana?"

"Na jana."

Nilijibu kwa uso wa mtoto aliyepokea komunyo ya kwanza, ambayo kweli nilikuwa nimeipokea Pasaka ile. Mama alinitazama kidogo, kisha akamwambia mgeni, "Mwanangu amemwagilia, basi globu yangu ndiyo mbovu." Akaingia ndani kutafuta nyingine. Alirudi mikono mitupu. "Sina nyingine. Chomeka tu, baba."

Mgeni akaanza kukunjua waya wake mnene. Hapo ndipo nilipomwona yule binti. Alikuwa amevua viatu, amesimama peku kwenye vumbi, mkono wake umeshika mpini wa chuma wa mlango wa trela, ananichekea. Mama alikuwa ameliamini neno langu kuliko kipimo chake, na wa kuumia angekuwa mtoto huyu.

"Sikumwagilia!" Nilipiga kelele mpaka yule baba akaangusha plagi. "Siku tatu sijamwagilia, mama! Asiguse!"

Nilingoja kofi. Mama alisema tu, "Lete ndoo." Nilibeba ndoo nne kutoka bombani, makamasi yakinitiririka, huku wageni wakinywa chai kivulini na kujifanya hawanioni. Alasiri mama alipima tena, globu ikawaka sawasawa, na friji ya trela ikaanza kunguruma. Tangu siku hiyo sikukosa kumwagilia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nilimwokoa yule mtoto. Nikiwa na watoto wangu mwenyewe, siku moja tukichambua maharage, nilimuuliza mama kama siku ile aliniamini kweli.

Alicheka mpaka akafuta machozi. "Nikuamini vipi, na udongo ulikuwa umepasuka? Nilipoingia ndani nilizima swichi kubwa, nikaiwasha tena ulipomaliza ndoo zako. Yule baba angechomeka mpaka kesho asipate kitu."

Mama angeweza kuniaibisha mbele ya wageni, na ingekuwa haki yake. Badala yake alikubali kuonekana mjinga asiye na globu, ili mimi nipate nafasi ya kusema ukweli kwa mdomo wangu mwenyewe. Ninamshukuru kwa hilo kuliko kwa ada zote alizonilipia, na nilimwambia hivyo hivyo.

"Na kama ningenyamaza, mama?"

Alipuliza makapi, akaokota punje moja mbovu na kuitupa.

"Ningemwagilia mwenyewe," alisema, "halafu ningekungoja kesho."