Ng'ombe Waliotukatizia Kipindi

Jumamosi, wanafunzi wa zamani tulikutana kwenye shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Bariadi. Tukiwa na soda mkononi, jamaa mmoja, siku hizi mzee wa kanisa, akasimama akijifanya ameshika fimbo.

"Mnakumbuka siku ng'ombe walipovamia shamba la pamba la shule? Waliowaleta walishindwa kabisa! Sisi tuliozoea kuchunga tukatoka darasani, tukawaswaga mpaka kwenye nyumba walikokuwa wanapelekwa. Hakupotea hata ndama!"

Tukapiga makofi. Wengine wakapiga mluzi ule wa kuswagia.

Mama mmoja, aliyeishia darasa la sita, akaweka chupa yake chini taratibu.

"Ile nyumba ni kwetu," akasema. "Wale ng'ombe walikuwa mahari yangu."

Mzee wa kanisa akabaki na mkono hewani.

"Niliwachungulia kutoka jikoni. Nilipoona sare za shule nikafurahi. Nilijua mmekuja kunichukua turudi wote darasani."

Huku kwetu ndama asiporudi zizini, kijiji kizima hutoka kumtafuta. Mwenzetu hakurudi darasani, na waliokuwa wakikaa naye wakajinafasi kwenye dawati.