Pengo la Mheshimiwa

Nilimpikia Mheshimiwa miaka saba katika nchi ya baridi alikotumwa kuwa balozi, na mwaka huu nimemwona kwenye filamu akipiga fidla. Mheshimiwa huyu hakujua kupuliza hata filimbi. Lakini kwenye filamu kafumba macho, kidevu kakilaza juu ya fidla, na mwanamke wa Kizungu mwenye shingo ndefu yuko nyuma yake akimwongoza mkono. Ukumbi mzima wa ile hoteli ya Homa Bay ukashusha pumzi. Hata mimi nilishusha pumzi, kwa sababu zangu.

Niseme kosa langu kwanza. Hao watu wa filamu walinifuata hapa Migori, kwenye kihoteli changu cha samaki na ugali. Walikuwa wawili, msichana mwongozaji kutoka Nairobi na kijana wa kinasa sauti. Wakaniambia wanataka kujua marehemu Mheshimiwa aliishi vipi ng'ambo, nyumbani kwake, mlango ukishafungwa. Siku mbili niliwaachia wapishi wangu jiko nikakaa kuzungumza. Nilijisikia mtu. Kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ameniuliza lolote isipokuwa kama samaki bado iko.

Nikawaeleza habari ya meno. Mheshimiwa alikuwa wa kizazi kile cha Waluo kilichong'olewa meno sita ya chini ujanani, kama desturi ilivyotaka. Kwao Nyatike lile pengo lilikuwa heshima yake. Ng'ambo likawa mzigo. Kwenye karamu alizoea kuzungumza huku kitambaa cha mkono kiko mdomoni, na wapiga picha walipokuja alibana midomo mpaka akaonekana mtu mwenye hasira, ilhali alikuwa mcheshi. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyemwambia aende kwa daktari wa meno.

Akawa anakwenda kila Alhamisi mchana. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono inanuka dawa. Nilimjua kwa sababu mara mbili niliitwa nikaelezwa ni chakula gani kisingemuumiza ufizi. Miezi yote ile nilimpikia uji na viazi vya kuponda, na samaki nilimchambua miiba kwa vidole vyangu. Meno mapya yalipokaa sawa, Mheshimiwa akaanza kutoa sauti ya nyoka kila alipotamka neno lenye "s". Kwa hiyo Jumapili aliingia jikoni kwangu, akayatoa, akayaweka kwenye glasi ya maji, akala dagaa wa omena tuliotumiwa kutoka Sori, akiongea Dholuo kwa mdomo wake mwenyewe. Mama alikaa juu ya debe la unga akimcheka mpaka machozi. Kama Mheshimiwa alikuwa na siri nyingine, haikupita jikoni.

Yote hayo waliyanasa. Kati ya hayo, kilichoingia kwenye filamu ni Alhamisi tu.

Daktari wa meno kawa mwalimu wa fidla. Mwigizaji wa Mheshimiwa ana meno yote thelathini na mawili, meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki, na anayaonyesha hata msibani. Mama, aliyekuwa akigundisha sahani iliyovunjika badala ya kuitupa, kwenye filamu anavunja kabati zima la sahani kwa wivu. Na aliyemchongea Mheshimiwa kwa mkewe ni nani? Ni mpishi. Mpishi mwembamba, mwenye macho ya wizi, anayeficha chupa ya wiski nyuma ya mchele. Akishalewa anapiga magoti mbele ya Mama na kumwaga siri. Mimi ni Msabato tangu tumboni mwa mama yangu. Sijawahi kuonja hata busaa.

Filamu ilipokwisha, mwongozaji akapanda jukwaani na kuwaomba watu maswali. Mmoja akasifu magari ya zamani. Mwingine, mwalimu, akasema amejifunza kuwa viongozi nao wana moyo. Nikainua mkono nikaletewa maikrofoni. Nikasema mimi ndiye mpishi, na ninauliza meno ya Mheshimiwa yameenda wapi.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mwongozaji alinitambua. Akatabasamu kwa upole ule wanaowekewa wazee na wagonjwa.

"Mzee," akasema, "tulikusikiliza sana, na tunakushukuru. Lakini hakuna mtu atakayekaa saa mbili kutazama meno."

Wakampigia makofi. Nikaketi.

Nje, uani, binti wa Mheshimiwa akanijia. Nimemlisha tangu akiwa na miaka sita, na mpaka leo ananiita baba mdogo. Jina lake lilikuwa limeandikwa mwishoni mwa filamu kama mshauri wa familia. Akanikumbatia, akasema nisiumie, hiyo ni sinema tu, na Mama angekuwa hai angecheka.

"Mama yako hangecheka," nikamwambia. "Angetaka kujua nani ameleta chupa jikoni kwake. Na huyo mwanamke wa fidla, mwanangu, wewe ulimwona wapi?"

Akatazama kando. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, shuleni walinicheka kwa sababu ya mdomo wa Baba. Afadhali wamkumbuke na mpenzi."

Nilimdharau, na nilimhurumia, na dharau ndiyo iliyokuwa kubwa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, kamzulia baba yake zinaa ili kumfichia pengo. Nikamwambia safari yangu ni ndefu, nikaondoka.

Wiki mbili baadaye wazee wa kanisa wakaniita. Kuna waliotazama filamu kwenye simu, na wengine walisimuliwa tu. Nilikaa mbele ya wanaume watano ninaowajua tangu ujana, nikajitetea juu ya chupa ambayo haikuwahi kuwepo, katika nyumba ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeikanyaga. Walikubali kwamba sikunywa. Mmoja akaomba sala ya kufungia kikao. Tulipokuwa tukitoka, mzee yuleyule wa sala akanishika mkono akaniuliza kama yule mwanamke wa fidla kweli alikuwa mrembo vile.

Siku hizi watu wanatoka hadi Awendo kuja kula kwangu, na wanamuulizia mwanamke huyohuyo. Nikianza kuwaeleza habari ya daktari na ufizi, wanaomba maji ya kunawa. Wanalipa, wanapiga picha na mimi mlangoni, wanaenda.

Majuzi nimeletewa kadi ya mwaliko. Filamu itaonyeshwa tena Homa Bay, nami nitakuwa mgeni wa heshima kwenye kiti cha mbele. Nilimwambia aliyeileta awaambie siku hiyo nina kazi. Na kweli ninayo: jirani yangu anamzika mama yake, na wameniomba niwapikie waombolezaji.