Aliyemfundisha hesabu sasa ni mwanafunzi wake

Jua la Tabora halijapanda sawasawa, na Asmahani Twalibu ameshafagia chumba cha semina mwenyewe. Anafuta ubao kwa kitambaa kibichi, anausubiri ukauke, halafu anasogeza mbele viti vya nyuma, kimoja kimoja, akivinyanyua visikwaruze sakafu.

"Wakikaa mbali watanyamaza," anasema. "Na wakinyamaza siku ya kwanza, ndiyo basi tena."

Anayeambiwa ni Nasri, mwenzake wa shahada ya uzamili, ambaye muhula huu ndiyo kwanza anaanza kufundisha semina za takwimu chuoni hapa. Shati limenyooka kwa pasi, lakini kola anairekebisha kila mara.

Asmahani anamwelewa. Mwaka jana alipoingia humu mara ya kwanza, macho yake yalitua safu ya mbele, yakakwama hapo. Alikuwa amekaa Mwalimu Minza, aliyemfundisha hesabu darasa la tatu kule Isevya, kitenge kimekunjwa mapajani, kalamu mbili mezani. Baada ya miaka mingi ya chaki, naye amerudi kutafuta digrii.

"Nikasema, 'Shikamoo, mwalimu.' Akaitikia marahaba. Darasa zima likacheka, nikasahau hata nilichokuja kufundisha."

Tangu hapo akawa anamruka. Maswali yalipita kushoto na kulia kwa Mwalimu Minza. Atamuulizaje mtu aliyemfundisha kuzidisha? Na akikosea, atamsahihishaje?

Wanafunzi wakaona. Wakaanza kunyamaza nao, kisha kupungua. Mkuu wa idara akamwambia Asmahani kwamba hali ikiendelea hivyo, semina atapewa mtu mwingine.

Siku moja Mwalimu Minza akamngoja mlangoni.

"Wewe Asmahani, mimi nimelipa ada kama wenzangu. Mbona hunipi haki yangu?"

"Mwalimu, naona haya."

"Hiyo haya iache nyumbani. Ukiniruka mimi, hao vijana wanajua unaogopa."

Semina iliyofuata, Asmahani aliandika ubaoni 7, 2, 9, 4, 5. Akauliza namba ya kati ni ipi, akageukia safu ya mbele, akasubiri. Kusubiri huko alikuokota Isevya. Mwalimu Minza akishauliza, alikuwa anaangalia zake dirishani mpaka mtoto apate jibu.

"Tisa," alisema Mwalimu Minza.

Ni kweli tisa ilikaa katikati ya ubao, lakini jibu silo. Asmahani akaukumbuka uwanja wa shule, vumbi jekundu, rimu ya gari ikigongwa kuwa kengele, na yeye mbele kabisa ya mstari kwa ufupi wake.

"Mwalimu, asubuhi mstarini ulikuwa unatupangaje?"

"Kwa kimo. Wewe wa kwanza, kafupi kama kinu." Halafu akautazama ubao upya. "Aa. Sijazipanga. Basi ni tano."

Darasa likacheka, yeye akicheka kuliko wote. Ndipo Ngollo, kijana wa Nzega ambaye sauti yake ilikuwa haijasikika humo, akauliza, "Na zikiwa namba sita, ya kati tunaipataje?" Siku hiyo walichelewa kutoka.

"Semina sikunyang'anywa," anasema Asmahani, akisogeza kiti cha mwisho. Anamgeukia Nasri. "Shika majina yao mapema. Ukiuliza, nyamaza, hata kama kimya kinakuuma. Mtu akikosea, mrudishe kwenye kitu anachokijua. Na usimruke yeyote, hasa yule unayemwogopa."

Anatarajia kumaliza tasnifu yake mwaka huu, kisha aombe kazi ya kudumu ya kufundisha hapa hapa Tabora. Mwalimu Minza yeye anataka kurudi na digrii yake kwa watoto aliokuwa akiwafundisha shule ya Itetemia. Muhula huu lakini yumo kundi la Nasri.

Mlango unafunguliwa. Mama wa kitenge anaingia, anakwenda moja kwa moja safu ya mbele, anapanga kalamu zake mbili.

"Shikamoo, mwalimu," anasema Nasri.

"Marahaba, mwalimu. Leo uniulize mapema, kabla sijasinzia."