Banda la Agripina na Msimu wa Barcelona

Banda la mpira pale Utemini, lile lenye turubai la bluu nyuma ya mashine ya alizeti, ni langu. Watu huliita kibanda umiza kama mengine yote, na mabenchi yake kweli yanaumiza. Nilianza kwa kuuza kuku wa kienyeji kutoka kwetu Kinyangiri. Kuku wakazaa runinga, runinga ikazaa banda. Mume wangu Melkizedeki alichangia kukaa benchi la mbele na kupokea sifa.

Kisha akahamia Mandewa kwa mwanamke mwingine. Sikumfuata. Lakini msimu ulipoanza na banda likawa linajaa, alirudi. Si kwangu, kwa banda. Alimwendea mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mughwai, akasema mali ya mke ni mali ya mume, na kwamba mwanamke ambaye hakukanyaga darasa hawezi kuwatuliza wanaume siku ya Barcelona na Madrid. Watu waliokula ugali wangu miaka yote wakaitikia kuwa ni kweli. Sijawasahau.

Mzee Mughwai akaamua hivi: nisimamie msimu mzima. Ukiisha bila ugomvi, banda ni langu na maneno yamekwisha. Watu wakipigana humo hata mara moja, Melkizedeki anachukua funguo.

Walidhani wamenipata. Sikusoma, ila najua nani ni nani kwa nani. Enzi za Melkizedeki, Barcelona walikaa kushoto na Madrid kulia, wakitazamana kama madume mawili ya ng'ombe, na ngumi hazikukosekana. Mimi nilisimama mlangoni nikampangia kila mtu pa kukaa. Shabiki wa Madrid nilimweka ubavuni mwa mtani wake wa Barcelona: babu na mjukuu, shemeji na shemeji. Kwetu mtani akikutukana unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako. Baba mkwe na mkwewe niliwatenganisha kabisa, maana hao hata kukohoa wakiwa pamoja ni kazi.

Msimu ule Barcelona walikuwa moto. Oktoba walikwenda kwa Madrid wakawapiga nne bila. Januari wakawapiga tano kwa mbili, wakabeba kombe. Aprili, fainali ya kombe jingine, tatu kwa mbili. Kila mara nilisimama mlangoni roho juu, na kila mara wanaume walitoka wakitukanana kwa kicheko. Mzee Laurenti, ambaye ni Madrid tangu zamani, siku moja alisindikizwa hadi kwake na mjukuu wake akimwimbia nyimbo za msiba. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Ikabaki mechi moja ya hao wawili, Jumapili jioni, mwezi wa tano. Melkizedeki akaja na jezi nyeupe ya Madrid, akalipa kiingilio kama mgeni. Nilijua alichofuata. Mzee Mughwai naye alikuwemo. Nikampa Melkizedeki nafasi yake ya haki: karibu na Calist, mdogo wangu, Barcelona wa kufa na kuzikana.

Madrid wakatangulia. La kwanza, la pili, kabla watu hawajakaa vizuri. Melkizedeki akamwambia Calist kwamba ukoo wetu wote unajua kushangilia mapema tu. Barcelona Ulaya wametolewa juzi, leo wanazikwa nyumbani kwao. Calist akacheka kidogo, kama inavyompasa shemeji.

Kisha Barcelona wakaanza kurudisha. La kwanza. La pili. La tatu, mabati yakalia. Kabla ya mapumziko, la nne. Calist akasimama, akavua kofia yake, akaiweka magotini pa Melkizedeki.

"Pole, shemeji," akasema. "Kingia machozi humo. Wewe kuhama umezoea. Hamia na huku Barcelona, tutakupokea."

Banda likaangua kicheko. Melkizedeki akaruka, akamkaba Calist kola, ngumi juu. Mimi nikaona funguo zangu zinaondoka.

Mzee Laurenti hakuinuka hata. Akauliza tu, "Mwanangu, unamkasirikia shemeji yako?"

"Huyu si shemeji yangu," Melkizedeki akafoka. "Na dada yake si mke wangu. Nilishamalizana nao."

Mzee Mughwai akasogea mbele. "Hebu rudia. Dada yake si nani wako?"

Melkizedeki akaiachia kola ya Calist. Ngumi ikashuka yenyewe. Akikubali kuwa Calist ni shemeji, ilimpasa kucheka. Akikataa, basi hana mke, na mali ya mke anaidaije?

"Umekuja kutafuta banda la nani, basi?" Mzee Mughwai akamwambia. "Kaa utazame mpira, au nenda kwako Mandewa."

Akaondoka. Kipindi cha pili Madrid wakapata la tatu, tukateseka hadi filimbi, lakini hakuna aliyemgusa mwenzake. Nne kwa tatu. Mzee Mughwai akasimama mbele ya runinga na kutangaza kuwa banda ni la Agripina, asije mtu tena kumsumbua kwa neno hilo.

Alhamisi yake Barcelona wakatwaa ubingwa wa ligi, kombe la tatu msimu ule. Asubuhi Calist akaja na kopo la rangi, anataka kuandika ukutani kwamba Barcelona ni mabingwa. Nikamwambia aandike, hakuna shida, ila aanze na jina langu, na liwe kubwa zaidi.