Kutu Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Bwana Mhariri, naomba uchape maneno haya lakini jina langu ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba au ishirini na nane, misheni waliandika yote mawili. Nimeolewa hapa Iyula, nina watoto watatu, na nimesoma hadi darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu.

Mume wangu alikuwa fundi wa magari kwa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Mzungu alipokwenda kwao moja kwa moja alimwachia kigari chake cha mashindano, cha tangu kabla ya vita, viti viwili tu na paa la turubai. Nasema gari, lakini ilikuwa kutu iliyopakwa rangi. Sakafuni ungeweza kupitisha mkono ukang'oa majani. Mume wangu alilisukumia kwenye banda letu la kahawa, na tangu siku hiyo sikuwa na mume. Alikata vyuma vilivyooza kwa tindo, akakunjua madebe ya mafuta ya taa, akagonga viraka na kuvifunga kwa misumari ya ribiti, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu lami. Kukwangua kutu ilikuwa kazi yangu, kwa msasa, na msasa ulipoisha, kwa kipande cha tofali. Vidole vilichubuka mpaka nikashindwa kumenya ndizi. Akaviangalia, akasema, "Usinidondoshee damu kwenye chuma, inaleta kutu."

Nilivumilia kwa sababu nilijua kiti cha pili ni changu. Gari lilipopona, Jumapili ya kwanza, mama yake akatoka amejifunga kitambaa cheupe, akaingia. Mimi nikabaki nimesimama na mtoto mgongoni. Mama mkwe akacheka: "Mkamwana, wewe tembea. Miguu yako bado mipya." Mume wangu naye akacheka. Nilifika kanisani wakati wa wimbo wa mwisho, vumbi lao nimelimeza lote.

Kuliosha kila asubuhi ilikuwa amri. Basi nikaanza kutia chumvi ya Ivuna kwenye ndoo, viganja viwili, namwaga chini ya kiti kile tu, naacha ikauke. Sikutaka kumuua mtu. Nilitaka siku moja sakafu ipasuke, miguu ya yule bibi iburutwe kwenye matope mbele ya wazee wa kanisa, na mimi nicheke.

Masika hayajaisha, sakafu ikatoboka. Mume wangu akaziba. Ikatoboka tena. Akaziba kwa bati nene, ikatoboka mara ya tatu, na chini ya kiti chake mwenyewe hapana hata doa. Akaenda kwa mganga upande wa Tunduma. Aliporudi hakuvua hata kofia. Alimwambia mama yake mbele yetu sote, "Mganga ameniuliza swali moja tu, nani anakaa pale. Mama, chuma changu kimekukosea nini? Au unaanza na chuma uishie kwa watoto?"

Bibi wa watu akanigeukia mimi. "Mkamwana, wewe ndiye unayeliosha. Waambie kama umewahi kuniona nikifanya kitu."

Nikasema, "Mimi naosha tu, Mama. Mengine siyajui."

Bibi alitolewa siku hiyo hiyo akiwa na mkeka na sufuria moja. Kaka zake wa Itaka wakamfungia mlango. Sasa yuko Hasamba, kwenye kibanda kilichobomoka upande mmoja, macho hayaoni vizuri, na watoto wa huko wanamrushia mawe. Mimi chumvi niliacha siku aliyoondoka, kwa hiyo kutu imekoma, na watu wanasema, "Si mmeona wenyewe?" Kiti kile sasa nakaa mimi. Na sitadanganya, mwezi wa kwanza nilikifurahia.

Juma lililopita nilimpelekea unga kwa siri. Nilitegemea matusi. Aliniambia niuweke chini, nisimshike mkono. "Mwanangu, nimefikiri sana humu ndani. Labda ni kweli. Labda naroga nikiwa usingizini na mwenyewe sijui. Nisamehe kwa gari la mumeo. Na wajukuu usiniletee, nisije nikawaharibu." Akanipigia magoti, mama aliyemzaa mume wangu.

Nikisema kweli, nitafukuzwa na watoto watabaki kwa baba yao, tena huenda mchawi nikawa mimi. Nikinyamaza, yule bibi atakufa akiamini kwamba yeye ndiye mchawi, na kwa jinsi alivyokonda sidhani kama atafika mavuno. Ninyi mnaosoma, wenye mama na wenye wakwe, nishaurini nishike lipi. Ila msiniambie nikasali. Kusali nasali kila Jumapili, na kanisani napelekwa nimekaa kwenye kiti kile kile.