Moshi wa Konde la Baba

Kijijini kwetu, kusini ya Unguja, ardhi ni mawe, na udongo wenyewe ni wa kuokoteza. Ukitaka mtama hapo sharti ufyeke kichaka, ukiache kikauke, kisha ukichome kabla ya masika. Hakuna aliyechoma peke yake. Jioni mwenye konde alipita nyumba hadi nyumba kuwaambia watu, na alfajiri, upepo ungali umelala, wanaume walikuja na matawi mabichi, wanawake na maji, wakauzunguka moto mpaka ukafa. Baadaye tulikunywa uji. Utotoni nilidhani moto ni aina ya harusi.

Miaka michache baada ya Mapinduzi akaja bwana mmoja kutoka mjini, akatukusanya skuli. Alisema moto ni adui. Atakayechoma atafungwa, na atakayemsaidia naye atafungwa. Tukapiga makofi. Kwa kupiga makofi, miaka ile hatukuwa na mpinzani.

Mwaka wa kwanza tulilima palepale palipochoka, tukavuna makapi. Vichaka vikazidi kusongamana na kukauka. Mwaka wa pili baba akafyeka.

"Utachoma na nani?" mama alimuuliza.

"Na Mungu. Nshachoka kuwapa watoto maji ya moto nkawaambia uji."

Alichoma mchana, watu wakiwa wamejipumzisha, ili asionekane. Mchana ndio wakati wa upepo, na baba alilijua hilo vizuri sana. Moshi ulipoinama upande wa vichaka vya jirani, mama aliacha chungu jikoni akatoka mbio, nami nyuma yake.

"Hodi! Jamani, hodi! Moto umemshinda!"

Milango iliyokuwa wazi asubuhi nzima sasa ilikuwa imefungwa. Barazani kwa jirani yetu wa ubavuni niliona matawi mabichi yameegemezwa ukutani, utomvu bado unatoka. Alikuwa ameshayakata, kisha akaogopa.

Baba tulimkuta ukingoni mwa konde, kifudifudi, tawi lake mkononi. Moto ulikuwa umeshampita.

Siku hizi nakaa Malindi. Redioni huwasikia wataalamu wakieleza namna ya kuukomesha moto, nami huizima kwa hasira. Sisi hatukutaka kuukomesha. Tulitaka kuwa wengi unapowaka, basi.

Siku ya maziko ya baba walikuja wote. Walijaa uani mpaka njiani, wakagombania kulibeba jeneza. Jirani yetu alikuwa wa mbele kabisa, analia kwa sauti kama mtoto. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa.

Mama alisimama nyuma ya mlango, akawatazama mpaka wa mwisho akapotea njiani.

"Leo wamekuja," aliniambia. "Kuzika hakujakatazwa."